Sauti 624 kutoka koo tatu: wimbo wa 10cc uliotungwa mara mbili

Kwenye lebo ya santuri ya “I'm Not in Love” kuna majina mawili ya watunzi: Eric Stewart na Graham Gouldman. Bendi yao, 10cc, ilikuwa na watu wanne. Kevin Godley na Lol Creme hawakutajwa, na hakuna aliyewadhulumu, maana kweli hawakutunga mahadhi wala maneno. Godley aliuponda kabisa wimbo huo mara ya kwanza. Lakini mwombe mtu aliyewahi kuusikia akuimbie kipande anachokikumbuka. Kuna uwezekano mkubwa hataanza na ubeti. Atakuvumishia ile “aaah” ndefu isiyokatika, kwaya inayoelea nyuma ya kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho. Na wazo la hiyo “aaah” lilitoka kwa hao wawili wasiotajwa.

Hapo ndipo penye fundo. Tumezoea kusema kwamba wimbo hutungwa kwanza, halafu watu wakaingia studio kuurekodi, kana kwamba studio ni mahali pa kunakili kitu kilichokwisha kukamilika. Kwa muziki wa pop wa studio, hasa kuanzia miaka ya 1960, maelezo hayo hayatoshi. Wimbo huu wa mwaka 1975, uliotoka kama mmoja wa nyimbo za albamu *The Original Soundtrack*, unaonyesha kwa nini hayatoshi, kwa sababu hatua zake zinajulikana moja baada ya nyingine: utunzi wa kwanza ulikamilika, ukarekodiwa, ukakataliwa, ukafutwa. Kilichofufuka baadaye kilikuwa na maneno yaleyale na mahadhi yaleyale, lakini kilikuwa kitu kingine.

Utunzi wa kwanza

Chanzo kilikuwa lalamiko la nyumbani. Mke wa Stewart alimwambia kwamba hamtamkii vya kutosha kuwa anampenda. Stewart aliona kwamba neno hilo likitamkwa kila saa litachuja, litakosa maana. Basi akajiuliza jinsi ya kulisema bila kulisema, na jibu alilolipata ni la ufundi kweli: mwanamume anayekana kila kitu, na kila anavyokana ndivyo anavyojifichua. Anadai hana mapenzi, ni jambo la kupita tu. Anapiga simu, lakini asieleweke vibaya, na wewe usiwaambie rafiki zako. Picha yako ameitundika ukutani, ndiyo, ila ni kwa ajili ya kuficha doa. Msikilizaji aliyelelewa na taarabu hahitaji kufafanuliwa mbinu hii. Anajua kwamba anayerudia mara nyingi kuwa hana habari nawe ndiye hasa mwenye habari nawe. Ile picha, kwa maelezo ya Stewart mwenyewe, ilikuwa ya kweli: nyumbani kwa wazazi wake aliwahi kubandika ukutani picha ya binti aliyekuja kuwa mkewe, kufunika ufa.

Alimchukua Gouldman wamalizie pamoja. Hawakuwa wanafunzi. Stewart alikuwa ameonja chati na kundi la The Mindbenders, na Gouldman, akiwa bado kijana sana, alikuwa amewatungia nyimbo zilizovuma The Yardbirds na The Hollies. Walikaa na magitaa mawili, na kwa siku mbili au tatu wimbo ukawa umesimama: beti, mahadhi, daraja la katikati. Mdundo waliouchagua ni bossa nova, ule mwendo laini wa Brazili ambao miaka ya 1960 ulikuwa umeenea dunia nzima.

Wanne hao wakaurekodi hivyo, kwa gitaa, besi na ngoma, kama bendi yoyote. Godley na Creme hawakuupenda. Bossa nova ikawa imekufa, na wakaifuta kwenye tepu. Leo hakuna nakala yake ya kusikiliza, na mimi binafsi siioni kuwa hasara kubwa. Mwanamume anayesema “sikupendi” juu ya mdundo mwepesi wa kuchezea angeaminika mara moja, na kuaminika ndiko kungeuua wimbo. Unahitaji kitu nyuma yake kinachomkanusha.

Tuweke alama hapa, kwa maana tutaparudia: kisheria, wimbo tayari upo. Una maneno, una mahadhi, una watunzi wawili. Kila kinachofuata, machoni pa sheria ya utunzi, ni mapambo.

Jengo lao wenyewe

Baada ya kuufuta, Stewart aligundua kwamba wafanyakazi wa studio walikuwa bado wanauvumisha. Wakaurudia mjadala. Godley hakubadili msimamo wake juu ya toleo lile, ila alitoa pendekezo lililokaribia kuwa kejeli: kama ni lazima tuurudie, tuufanye kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kurekodi kitu. Tuache vyombo. Tuimbe vyote kwa sauti za binadamu.

Ni rahisi kutoa pendekezo la namna hiyo, na katika studio nyingi lingeishia kwenye kicheko. Studio ya kukodi hulipiwa kwa saa, na anayelipa, yaani kampuni ya rekodi, hana hamu ya kugharamia wiki kadhaa za watu watatu wanaosema “aaah”. Lakini 10cc walikuwa Strawberry Studios, Stockport, kusini kidogo ya Manchester, na Strawberry ilikuwa yao. Stewart alikuwa miongoni mwa walioijenga mwishoni mwa miaka ya 1960, Gouldman akaingia kama mshirika, na Stewart ndiye aliyekaa kwenye mitambo. Wanaposimuliwa wanamuziki wa aina hii husifiwa vipaji tu. Mimi naona umiliki wa jengo ulifanya kazi kubwa sawa na kipaji. Hakuna aliyekuwa anatazama saa ukutani.

Swali la Stewart, kama fundi mitambo, lilikuwa la kivitendo. Kwaya kubwa kiasi hicho wataitoa wapi, nao ni watu wanne? Creme akajibu: vitanzi vya tepu.

Kwaya isiyopumua

Mashine ya traki 16 hutumia tepu ya sumaku yenye upana wa inchi mbili. Upana huo umegawanywa kuwa mistari 16, ndizo traki zenyewe, inayokwenda sambamba, na kila mstari hushika sauti yake bila kugusa ya jirani. Unarekodi gitaa kwenye mstari mmoja, unairudisha tepu mwanzo, unalisikiliza gitaa lako huku unaimba kwenye mstari wa pili, na kuendelea hivyo hadi mistari iishe. Mwishowe yote inachanganywa kuwa miwili, kushoto na kulia, na hiyo ndiyo stirio anayoipata msikilizaji.

Bendi ya kawaida hugawa mistari hiyo kwa vyombo: ngoma hapa, besi pale, mwimbaji huku. Wao waliijaza yote 16 kwa nota moja. Godley, Creme na Gouldman waliimba “aaah”, Stewart akairekodi. Wakarudia nota ileile kwenye traki ya pili. Kisha ya tatu. Walipofika ya 16 walikuwa na sauti 48 zinazoimba nota moja. Kisha wakapanda hatua moja, nusu toni, wakaanza upya.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasingeimba mara moja, halafu wakanakili traki hiyo mara 16. Nakala haiongezi watu. Ukiweka sauti ileile juu yake yenyewe, kinachoongezeka ni ukubwa wa sauti tu. Sikio linasikia watu walewale watatu waliosogea karibu. Kinacholifanya sikio liseme “hii ni kwaya” ni kutokulingana: huyu yuko juu ya nota kwa kiasi kisichopimika kwa urahisi, yule chini, mwingine amechelewa kuanza kwa sehemu ndogo ya sekunde, na pumzi ya kila mmoja ina umbo lake. Tofauti hizo zikigongana, sauti inaanza kumeremeta, mipaka ya mtu mmoja mmoja inayeyuka. Hakuna binadamu anayeweza kuimba nota moja mara 16 kwa namna ileile kabisa, na udhaifu huo ndio waliokuwa wanauvuna. Kwa hiyo kazi ya kuchosha haikuwa na njia ya mkato.

Ilichukua wiki tatu. Oktavu moja ina nota 12 ukihesabu funguo nyeupe na nyeusi za piano. Ukiongeza ile ya juu inayofunga oktavu zinakuwa 13. Zidisha 48 kwa 13, unapata 624, hesabu inayotajwa kila wimbo huu unapozungumzwa. Ni sauti 624, na koo ni tatu.

Sasa tatizo. Binadamu huimba “aaah” kwa sekunde chache tu kisha anavuta pumzi, na wimbo una zaidi ya dakika sita. Hapo ndipo vitanzi vinapoingia. Stewart alizichanganya traki 16 za nota moja hadi tepu ndogo ya stirio, akakata kipande kizuri cha tepu hiyo kwa wembe, akaziunganisha ncha zake mbili. Tepu sasa haina mwanzo wala mwisho; ukiipitisha kwenye mashine, nota inaendelea mpaka utakapozima umeme.

Kila kitanzi kilikuwa na urefu wa futi 12 hivi, zaidi ya mita tatu na nusu. Kwa kawaida tepu hutoka kwenye gurudumu la kushoto, ikapita mbele ya vichwa vinavyoisoma, ikazungushiwa gurudumu la kulia. Kitanzi hakina gurudumu. Hiki kilitoka nje ya mashine kabisa, kikavuka chumba hadi kwenye kapi dogo lililofungwa kwenye stendi ya maikrofoni, kikageuka na kurudi. Stendi ilipaswa kuwekwa sambamba na vichwa vya mashine bila kosa. Ikiinama kidogo, tepu inapanda au kushuka ikiwa njiani, na nota inayumba. Pamoja na hayo kitanzi kinahitaji kukazwa vya kutosha kisilegee, lakini kisikazwe kiasi cha kujivuta. Kwa hiyo muziki mororo kama ule ulizaliwa kati ya stendi, gundi na wembe.

Kwa nini futi 12, badala ya kitanzi kifupi kinachotosha mezani? Kwa sababu ya kiungo. Pale ncha mbili zinapokutana, hata fundi awe stadi vipi, husikika kishindo kidogo, “tk”. Kitanzi kifupi kingeirudia “tk” hiyo kila sekunde, na sikio lingeigeuza kuwa mdundo. Kwa kasi ya inchi 15 kwa sekunde, mojawapo ya kasi za kawaida za studio, futi 12 huchukua karibu sekunde 10 kupita. Na kwa kuwa viungo vya vitanzi mbalimbali havikuangukia pamoja, kishindo cha kimoja kilizama ndani ya sauti za vingine.

Kila kitanzi kikarudishwa kwenye mashine kubwa na kurekodiwa kwenye traki yake, kwa urefu wa wimbo mzima. Tazama kilichopatikana: tepu yenye nota zote za oktavu, zote zinalia kwa wakati mmoja, bila kukoma. Ukizisikiliza hivyo ni kelele tupu. Ni sawa na kulaza mkono wote juu ya piano.

Muziki ulitokana na kuzizuia. Kwenye meza ya kuchanganyia sauti, kila traki ina kitelezi chake: ukikisukuma juu sauti inaongezeka, ukikivuta chini inapungua. Wanabendi wote wanne waliizunguka meza, kila mmoja akapewa vitelezi vyake vichache, na wimbo ulipokuwa unakwenda walivisukuma na kuvivuta kufuata mpangilio wa nota. Panapotakiwa nota tatu au nne zilie pamoja, mikono hiyo inapanda. Pakibadilika, hii inashuka huku nyingine zinapanda. Meza iliyotengenezwa kwa kupima viwango vya sauti ikawa chombo cha muziki chenye wachezaji wanne.

Halafu kuna jambo dogo ambalo kwangu ndilo lililo bora kuliko yote. Stewart alibandika utepe wa gundi chini ya njia za vitelezi hivyo ili visiweze kufika sifuri. Hakuna nota iliyozimwa kabisa. Kwa hiyo nyuma ya mchanganyo wowote unaousikia, nota nyingine zote zipo pia, kwa mbali sana, zinavuma kama ukungu. Mtunzi mwenye kalamu na karatasi asingeandika kitu hicho; kwenye karatasi nota ama ipo ama haipo. Ukisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, sekunde za mwanzo kabla ya mwimbaji kuingia, utausikia ukungu huo waziwazi, na utaelewa kwa nini mabadiliko ya nota katika wimbo huu hayana makali. Hazianzi wala haziishi. Zinasogea mbele, kisha zinarudi nyuma.

Mjuzi wa vyombo atasema kwamba kifaa cha kufanya hivyo kilikuwepo tayari. Mellotron, kinanda kilichoanza kutengenezwa Birmingham mwaka 1963, kilikuwa na kipande cha tepu chini ya kila kibonyezo, na matoleo yake mengine yalikuwa na sauti za kwaya. Ni kweli, na kimawazo ni ndugu moja. Ila tepu ya Mellotron hufika mwisho baada ya sekunde nane hivi, na kila ukibonyeza upya sauti huanza upya, unaisikia ikianza. Kwaya ya 10cc haipumui. Ni waimbaji wa kweli wanaofanya jambo ambalo mwimbaji wa kweli hawezi kulifanya, na nadhani ndiyo sababu inagusa na kutisha kidogo kwa wakati mmoja.

Vilivyobaki

Vyombo havikuondoka vyote, licha ya pendekezo la Godley. Stewart alipiga piano ya umeme, Gouldman gitaa la kushikilia mwendo. Hakuna seti ya ngoma. Godley alitoa kwenye sintesaiza ya Moog, kinanda kinachounda sauti kwa umeme, mlio mzito wa chini unaodunda kama moyo, na huo ndio mdundo wote wa wimbo. Katikati kuna sehemu ya gitaa la besi, na kisanduku cha muziki cha watoto. Stewart aliimba sauti ya mbele.

Ulipokaribia kumalizika, Godley bado aliona kuna kitu kimepungua. Creme akakumbuka kwamba alipokuwa anarekodi piano kubwa alinong'ona kitu kwenye maikrofoni, maneno ya Kiingereza ya kumtuliza mtoto wa kiume, kwamba anyamaze, wavulana wakubwa hawalii. Hakuwa na sababu yoyote ya kuyasema. Wakaisikiliza peke yake, wakaipenda, ila sauti haikufaa. Wakati huohuo mlango wa chumba cha mitambo ukafunguliwa, na katibu wa studio, kwa kuogopa kuharibu kazi, akamnong'oneza Stewart kuwa ana simu. Creme akaruka: sauti ndiyo hiyo! Katibu hakuwa mwimbaji na ilibidi abembelezwe. Mnong'ono wake umo katikati ya wimbo, na ni sehemu pekee ambamo kuna mtu anayemjibu yule mwanamume.

Nao huo, je, ni utunzi au ni kurekodi? Maneno yalimtoka Creme bila kukusudia, yakahifadhiwa na tepu, yakapata sauti kwa sababu simu ililia. Wimbo bila sehemu hiyo ungekuwa mtu mmoja anayejisemea dakika sita.

Basi mtunzi ni nani?

Sheria za hakimiliki katika nchi nyingi hutenganisha vitu viwili ambavyo sisi wasikilizaji huviita kwa jina moja, “wimbo”. Cha kwanza ni utunzi: mahadhi na maneno, kitu kinachoweza kuandikwa kwenye karatasi na kuimbwa na yeyote. Cha pili ni rekodi: ile sauti mahususi iliyoshikwa siku fulani mahali fulani. Utunzi una watunzi, na mirabaha yao, yaani malipo ya kutumiwa kwa kazi yao, hukusanywa kupitia wachapishaji na vyama vya watunzi. Rekodi ina mwenyewe, mara nyingi kampuni ya rekodi, na waimbaji na wapigaji hulipwa kufuatana na mkataba wao. Haki hizo mbili zinaweza kuwa mikononi mwa watu tofauti kabisa na kuishi maisha tofauti.

Mgawanyo huo ulipotengenezwa ulikuwa na mantiki. Mtunzi aliuza karatasi, bendi ilipiga kilichoandikwa, na mapambo ya bendi yalikuwa kazi ya ujira. Lakini studio ya traki nyingi ilizaa aina ya tatu ya ubunifu ambayo haina chumba chake ndani ya nyumba hiyo: si mahadhi, si maneno, na si kupiga tu chombo. Ni kuamua wimbo uwe na mwili gani. Vitanzi, ukungu wa nota, utepe chini ya vitelezi: kwa sheria, vyote hivyo viko upande wa rekodi. Ndiyo maana majina yanabaki mawili.

Mtu anaweza kuutetea utaratibu huu, na hoja yake ina nguvu. Sauti 624 peke yake ni ukungu. Ziwekee mahadhi mengine na hakuna atakayezikumbuka. Bossa nova iliyofutwa ndiyo iliyowafanya wafanyakazi wa studio waendelee kuvumisha, kabla hata kwaya haijafikiriwa. Bila hilo, mjadala wa kurudia usingekuwepo. Nalikubali hilo, na bado naona mizani imeelemea upande mmoja. Wimbo uliofutwa ulikuwa mzuri wa kuvumisha jikoni. Wimbo uliotoka ni ule ambao kampuni ya Phonogram iliusikia ikawasainisha 10cc mwaka 1975, wakitoka UK Records, lebo ndogo ya Jonathan King. Tofauti kati ya hizo mbili ni vitanzi vya Creme, kejeli ya Godley na mikono ya Stewart akiwa fundi, kazi ambayo yeye naye hakulipwa kama mtunzi kwa ajili yake.

Leo desturi imebadilika, ingawa sheria haijabadilika sana. Prodyuza anayetengeneza mdundo ambao juu yake mwimbaji anabuni mahadhi kwa kawaida hudai, na kupata, sehemu ya utunzi. Ndiyo sababu wimbo mmoja wa pop siku hizi unaweza kuwa na watunzi sita au zaidi, jambo linalowachekesha wasikilizaji wakongwe. Wanadhani watu sita walikaa kusaka vina. Wengi wao hawakugusa maneno. Walitengeneza sauti, na kwa kuwa rejista ina safu ya watunzi lakini haina safu ya “waliotengeneza mwili wa wimbo”, majina yao yanaingizwa humo. Mgawo wa asilimia hujadiliwa na kusainiwa mapema, ikiwezekana kabla watu hawajatoka studio, kwa sababu wimbo ukishavuma kila mmoja hukumbuka mchango wake kuwa mkubwa zaidi.

Wimbo wenyewe haukutazamiwa kuwa mkubwa. Singo ya kwanza kutoka kwenye albamu ilikuwa “Life Is a Minestrone”. “I'm Not in Love” ilifuata Mei 1975, ikashika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki mbili, na Marekani ikafika ya pili na kukaa hapo wiki tatu. Mwaka uliofuata bendi iligawanyika: Godley na Creme waliondoka, Stewart na Gouldman wakabaki na jina. Mstari wa mpasuko ukapita kati ya watunzi wa wimbo na wabunifu wa kwaya, ingawa sababu za kuachana zilikuwa nyingine.

Vifaa vya siku hizi hufanya kazi ya wiki zile tatu kwa muda mfupi sana. Kompyuta inanasa nota moja, inaificha “tk” yenyewe, inairefusha upendavyo na kuipandisha au kuishusha hadi nota nyingine zote. Kinachokosekana ni zile tofauti 48 kwa kila nota, maana nota zote zinatokana na mama mmoja. Wanaojali hurekodi kila nota peke yake, na hapo wanarudi kufanya alichokifanya Stewart, ila bila stendi.

Mwanamuziki akiurudia wimbo huu leo, hata akiijenga upya kwaya yote kwa kinanda, mirabaha ya utunzi inakwenda kwa Stewart na Gouldman. Kuiga mtindo wa sauti hakuhitaji ruhusa ya mtu. Filamu ikiutumia ni hadithi nyingine. *Guardians of the Galaxy* ya mwaka 2014 inaanza na wimbo huu ukilia masikioni mwa mtoto, na waliotaka kuutumia hawakutaka mtu mwingine auimbe. Walitaka tepu yenyewe. Kwa matumizi ya namna hiyo ruhusa huombwa mara mbili, kwa mwenye utunzi na kwa mwenye rekodi, na kila upande hujadili bei yake. Ni upande wa pili huo, wa rekodi, unaobeba zile “aaah” za Godley na Creme.